Kazi Isiyoonekana na Dhamiri ya Fundi

Kazi za mwanadamu ni za namna mbili. Iko kazi inayokaa mbele ya macho ya watu, ikasifiwa au ikalaumiwa siku ile ile ilipokwisha. Na iko kazi ambayo ikiisha hufunikwa, isionekane tena na mtu ye yote mpaka siku itakapoharibika. Mwashi apakaye chokaa ukutani hufanya kazi ya namna ya kwanza. Mwashi ajengaye msingi hufanya kazi ya namna ya pili. Kazi ya kwanza ina walinzi wengi, kwa kuwa kila apitaye ni hakimu wake. Kazi ya pili ina mlinzi mmoja tu, naye ni yule yule aliyeifanya. Je, mtu ana wajibu gani kwa kazi ambayo hapana jicho litakaloiona? Ni wajibu ule ule wa kazi ya hadharani, au ni mdogo zaidi, au pengine ni mkubwa zaidi?

Swali hili ni la kale, na wenye hekima wamezoea kulijadili kwa mifano ya wafalme na makadhi. Hapa litatazamwa mahali pa chini zaidi: katika gereji, juu ya injini ya gari la zamani, mkononi mwa fundi anayebadili gasketi na sili. Mahali pa chini si mahali pabaya pa kutafutia ukweli. Lulu nayo huokotwa chini ya bahari.

Mfano uwe gari la Peugeot 404. Gari hili lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na katika miaka iliyofuata likajulikana sana katika Afrika ya Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na mwaka 1963, kadhalika mwaka 1968, njia zilikuwa mbaya hata magari 7 tu yakafika mwisho. Magari mengi ya aina hiyo yaliyosalia leo yana umri wa nusu karne au zaidi. Chuma chake aghalabu kingali kizima. Lakini mpira, karatasi na kizibo havina umri wa chuma. Mpira hukauka ukapasuka, karatasi hulowa ikaoza, kizibo husinyaa. Gari zee huanza kudondosha oili sakafuni tone moja moja. Na kama wasemavyo wahenga, chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndipo mwenyewe hulipeleka kwa fundi.

Gasketi ni nini? Ni kipande chembamba kinachowekwa kati ya nyuso mbili za chuma zinazokutana. Asiyejua ufundi hudhani kuwa chuma kilichonyoshwa vizuri, kikikutana na chuma kilichonyoshwa vizuri, vitashikana pasipo kitu kati yao. Sivyo. Uso wa chuma, hata ukisuguliwa ukang'aa kama kioo, una milima na mabonde yasiyoonekana kwa jicho. Na chuma hakikubali kusalimu amri kwa chuma mwenzake. Katika mabonde hayo hupenya maji, oili na gesi ya moto. Gasketi ni laini kuliko pande zote mbili. Ikibanwa hujaza mabonde ya upande huu na ya upande wa pili, ikawezesha wagumu wawili kukaa pamoja bila ya kuvuja. Nguvu yake imo katika ulaini wake. Msuluhishi mwema katika ugomvi wa watu huwa hivyo: hubanwa na pande zote mbili, huchukua alama za pande zote mbili, na amani ikipatikana hapana amkumbukaye.

Penye silinda hedi kazi hiyo ni ngumu kupita kiasi. Moto wa petroli ndani ya silinda, kwa kitambo kifupi, hupita joto la digrii 2,000 za sentigredi. Na umbali mdogo tu kutoka hapo hupita maji ya kupoza injini, ambayo hayatakiwi kuchemka. Katika injini nyingi oili nayo hupita karibu yao katika njia yake ya kwenda kulainisha vali. Vitu vitatu visivyopatana vimepewa nyumba moja, na ukuta unaovitenga ni gasketi yenye unene wa milimita moja au mbili. Tena hedi ya 404 ni ya alumini, na bloku yake ni ya chuma cha kusubu. Alumini ikipata joto hutanuka kwa kadiri ya mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kila injini inapowashwa na kila inapozimwa, hedi na bloku huvutana juu ya gasketi. Mvutano huo hurudiwa maelfu ya mara katika maisha ya gari.

Sili ina kazi nyingine. Gasketi hukaa kati ya vitu viwili vilivyotulia. Sili hukaa kati ya kitu kilichotulia na kitu kinachozunguka. Krenki hutoka ndani ya injini penye oili ikaja nje, na mahali inapotokea pana tundu lisiloweza kuzibwa kama chupa, kwa kuwa krenki huzunguka maelfu ya mara katika dakika moja. Katika injini nyingi za zamani oili ilizuiwa mahali hapo kwa kamba iliyosokotwa, au kwa mfereji wa mzunguko uliochongwa katika krenki ili kuirudisha oili ndani. Baadaye ukatumika mdomo wa mpira unaokumbatiwa na springi nyembamba. Mdomo huo haufuti oili yote. Chini yake hubaki utando mwembamba ambao mpira huteleza juu yake. Utando ukikauka, mpira huungua. Ukinenepa, oili humwagika. Basi sili njema si ile inayokataza yote, wala si ile inayoruhusu yote, bali ni ile inayojua kiasi.

Kubadili vitu hivi ni kazi ya subira. Hedi ya alumini haifunguliwi ingali moto, isije ikapinda. Bolti zake hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu. Na wakati wa kurudishwa hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu. Rula iliyonyoka huwekwa juu ya uso wa hedi ili kuona kama imepinda. Gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja hairudishwi hata ikionekana nzima, kwa kuwa imekwisha kutoa ulaini wake wote kwa kazi ya kwanza. Sili hupakwa oili mdomoni kabla ya kutiwa, isiungue katika mizunguko ya mwanzo, na mdomo wake huelekezwa upande ulio na oili. Krenki huguswa kwa ukucha mahali sili inapokalia. Ikiwa ukucha wakwama katika mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya haitafaa kitu mpaka kasoro hiyo iondolewe.

Katika mambo yote hayo hakuna hata moja ambalo mwenye gari ataliona. Akija kuchukua gari lake ataona bolti zimekazwa, injini imefutwa, na sauti yake ni njema. Fundi aliyefanya yote na fundi aliyefanya nusu watampa ufunguo ule ule, na kwa siku ile watapokea shukrani ile ile.

Hapa ndipo jaribu huanza, na jaribu kubwa la injini ya 404 limo katika silinda zake. Silinda zake 4 hazikutobolewa katika bloku yenyewe. Ni mirija minene ya chuma, ambayo mafundi huiita silivu, iliyosimamishwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji. Chini, kila silivu hukalia pete nyembamba inayoyazuia maji yasishuke katika sampu, yaani bakuli la oili. Juu, hubanwa na hedi. Hedi ikiondolewa silivu haina kitu cha kuishika. Kwa sababu hiyo fundi anayejua kazi hufunga silivu kwa bolti na vipande vya chuma, wala haizungushi krenki kabla ya kuzifunga. Maana pistoni ikipanda yaweza kuinua silivu kwa kadiri ya unene wa ukucha, na pete ya chini, iliyokwisha kuzoea mahali pake kwa miaka mingi, ikaachana na kikalio chake. Silivu hurudi chini, na jicho halioni mabadiliko. Lakini pete yaweza isizibe tena kama ilivyoziba.

Basi na afikiriwe fundi mmoja mwenye sifa nzuri, aliyepewa injini hiyo abadili gasketi ya hedi tu. Amepatana na mwenye gari bei na siku. Ni jioni, amechoka, na mwanafunzi wake ametumwa chai. Kwa kusahau, fundi anaizungusha krenki kabla ya kufunga silivu. Anaona silivu ya tatu ikitikisika, anasikia mlio mdogo, kisha kimya. Hapana mtu mwingine katika gereji.

Njia mbele yake ni mbili. Ya kwanza ni kuweka gasketi mpya, kurudisha hedi na kunyamaza. Gari litawaka kesho. Litatembea mwezi, pengine mwaka, na yamkini pete itashika mpaka mwisho. Ya pili ni kushusha sampu, kufungua pistoni zote, kung'oa silivu, kusafisha vikalio vyake, kutia pete mpya, na kupima tena jinsi kila silivu inavyochomoza juu ya bloku, kipimo ambacho huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Hiyo ni kazi ya siku mbili zaidi, ya gharama zaidi, na ya aibu pia, kwa kuwa hana budi kueleza sababu ya kuchelewa. Njia ya kwanza haina shahidi, na njia ya pili haina malipo.

Nafsi ya mtu ni wakili hodari sana katika kesi yake mwenyewe. Wakili huyu atamletea fundi hoja tatu. Ya kwanza: yamkini pete itashika, basi kwa nini kulipia madhara ambayo hayajatokea? Ya pili: gari ni zee, na maji yakiingia katika oili mwaka ujao watu watasema ni uzee. Ya tatu: mwenye gari aliagiza gasketi ya hedi, wala hakuagiza silivu, mtu hadaiwi asichoagizwa. Kila hoja ina sura ya haki, na kila moja yapasa kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake. Ni kweli kuwa pete yaweza kushika. Maisha yote ni kubahatisha, na fundi hawezi kudai yakini ya malaika. Lakini bahati inayochezwa hapa ni ya nani? Maji yakishuka katika oili, oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Hupoteza uwezo wake wa kutenga chuma na chuma. Beringi huliwa, krenki hukwaruzwa, na injini ambayo ingaliokolewa kwa pete ndogo huangamia yote. Hasara hiyo si ya fundi. Ni ya mwenye gari. Kama mwenye gari angaliambiwa, akafikiri, akasema, "Rudisha hedi, nitajaribu bahati yangu," angalikuwa huru kufanya hivyo, kwa kuwa mali ni yake. Fundi anaponyamaza humchezea mtu mwingine kamari kwa mali yake na bila ya ruhusa yake. Kosa halimo katika hatari, maana hatari haiepukiki. Limo katika kumwibia mtu uchaguzi wake.

Hoja ya pili ni mbaya zaidi kuliko ilivyo ya kwanza, ingawa huonekana nyepesi. Uzee wa gari ni pazia zuri la kosa jipya. Kitu cho chote cha zamani kina wingi wa kasoro zake, na aliye mvivu huweza kuficha kasoro yake katikati ya hizo kama mtu afichaye jani msituni. Hila hii haikomi katika magari. Mganga asiyetaka kuhangaika humwambia mzee kuwa maumivu yake ni umri. Na yamkini maumivu hayo yana dawa. Uzee wa kitu haupunguzi haki yake ya kutazamwa vema. Huizidisha, kwa kuwa kitu cha zamani kina akiba ndogo ya kustahimili uzembe.

Hoja ya tatu hutegemea maneno ya mapatano. Lakini mapatano kati ya ajuaye na asiyejua hayawezi kuwa ya maneno matupu. Mwenye gari aliposema "gasketi ya hedi" hakuwa akitaja mpaka wa wajibu wa fundi. Alikuwa akitaja mpaka wa elimu yake mwenyewe. Hakujua kuwa ndani kuna silivu, wala kuwa silivu ina pete. Alichonunua kwa kweli si kipande cha shaba. Alinunua haki ya kuliendesha gari lake bila ya wasiwasi, na kwa ajili hiyo aliikabidhi kwa fundi sehemu ya macho yake. Mtu akikabidhiwa macho ya mwenziwe hawezi kusema kuwa hakuajiriwa kutazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Lakini methali hiyo humfaa mwenye nyumba auonaye ufa. Asiyeweza kuuona hutegemea ulimi wa yule auonaye.

Huenda ikadhaniwa kuwa maneno haya ni makubwa mno kwa kitu kidogo kama pete. Historia ya karne iliyopita yatoa jibu. Tarehe 28 Januari, 1986, chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kiliruka kutoka Florida asubuhi ya baridi kali. Baada ya sekunde 73 kilivunjika angani, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Chanzo kilikuwa pete ya mpira iliyotiwa kuziba maungio ya roketi moja ya pembeni. Mpira ukipata baridi hupoteza wepesi wake wa kurudi katika umbo lake. Pete haikuziba upesi kama ilivyopasa, na gesi ya moto ikapenya. Mwanafizikia Richard Feynman, mmoja wa wajumbe wa tume iliyochunguza msiba ule, alilionyesha jambo hilo hadharani kwa kutumbukiza kipande cha mpira wa namna ile katika gilasi ya maji ya barafu.

Walakini pete haikuwa na hatia. Ilifanya kile ambacho tabia ya mpira huifanyiza. Usiku wa kuamkia siku ile wahandisi walioijua habari yake walionya kuwa baridi imezidi, wakataka safari iahirishwe. Wakubwa wao wakaamua vingine. Ukweli haukukosekana, uliokosekana ni usikivu. Fundi wa gereji aliye peke yake jioni ni wote wawili pamoja, mhandisi aonyaye na mkubwa aamuaye. Shauri ambalo kule lilizungumzwa na watu wengi, kwake huzungumzwa kifuani kimya, wala hapatakuwa na tume ya kulichunguza.

Mfano huo waonyesha jambo la pili pia: mahali panapovuja si lazima pawe mahali penye kosa. Katika kila injini gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni ikashuka penye krenki, nayo hutolewa kwa bomba la kupumulia. Bomba hilo likizibwa na uchafu, gesi hukusanyika, msukumo huongezeka, na oili hutafuta mlango ulio dhaifu kuliko yote. Mara nyingi mlango huo ni sili ya krenki. Fundi asiye na fikira hubadili sili. Baada ya wiki moja yavuja tena. Huilaumu sili, huinunua nyingine, na mwenye gari hulipa mara mbili na mara tatu. Fundi mwenye fikira huuliza kwanza: msukumo umetoka wapi? Akisafisha bomba, pengine sili ile ile ya zamani hunyamaza.

Wanadamu huhukumiana vivyo hivyo. Katika ofisi karani mdogo hukosea hesabu akafukuzwa. Akaja mwingine akakosea akafukuzwa. Wala hapana aulizaye kama kazi ya watu watatu ilipewa mtu mmoja. Katika nyumba mtoto hujibu kwa ukali akapigwa, wala hapana aulizaye ni maneno gani yasiyo na njia ya kutokea yaliyojaa katika nyumba hiyo. Aliye dhaifu huvuja kwanza, na kwa kuwa yeye ndiye aliyevuja huitwa mkosaji. Haki haitosheki kuona mahali palipolowa. Hutaka kujua msukumo.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye fundi ana wajibu kwake, naye husahauliwa kuliko mwenye gari. Ni mwanafunzi anayekwangua gasketi ya zamani. Gasketi nyingi za silinda hedi za zama zile zilitengenezwa kwa asbesto iliyovikwa shaba nyekundu au bati jembamba, kwa sababu asbesto haishiki moto. Vumbi lake ni nyuzi ndogo zisizoonekana; zikivutwa kwa pumzi hukaa katika mapafu, na baada ya miaka 20, 30 au 40 zaweza kuleta saratani. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya mwisho ya asbesto mwaka 1999, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zikatakiwa kufanya hivyo kufikia mwaka 2005. Lakini sheria iliyokataza kuuza gasketi mpya haikuweza kuzitoa zile zilizokwisha kubanwa ndani ya injini za zamani. Hizo hutolewa na mikono, na mara nyingi mikono hiyo ni ya kijana.

Fundi ajuaye hayo humwamrisha kijana alowanishe gasketi kabla ya kuikwangua, asiisugue ikiwa kavu kwa brashi ya waya, asiipulize kwa upepo wa kompresa, asifagie mabaki yake makavu, bali ayatie katika mfuko na kuufunga. Tahadhari hizo haziondoi hatari yote, lakini asiyezichukua kabisa hana udhuru akiwa anajua. Nazo huchelewesha kazi, na hapana mteja atakayezilipia. Hapa kazi isiyoonekana yafika mwisho wake wa maana. Injini iliyofichika ni ya chuma, na ikifa hununuliwa nyingine. Kifua kilichofichika ni cha mtu. Madhara yatatokea wakati fundi mwenyewe amekwisha kufa, na hapana mahakama itakayomfuata kaburini. Kama wajibu ungalikuwa hofu ya kushikwa tu, basi hapa usingalikuwapo wajibu wo wote. Lakini hapana mtu mwenye akili timamu awezaye kusema kuwa kumtia kijana sumu kwa miaka 30 si kosa kwa sababu tu kuchelewa kwake ni kurefu. Ndipo yadhihirika kuwa wajibu hautokani na jicho liangaliwalo kwa hofu. Jicho huwasaidia watu kuukumbuka wajibu, haliuumbi.

Pana pingamizi moja lisilofaa kudharauliwa, nalo ni la umaskini. Mwenye gari aweza kuja akasema: "Gari hili ndilo linalowalisha watoto. Sina fedha ya gasketi mpya. Ipake gundi, nifike mwisho wa mwezi." Je, fundi mwaminifu amfukuze? Uaminifu ukigeuka kuwa anasa ya wenye fedha, huo si uaminifu. Ni kiburi kilichovaa kanzu. Kazi ya muda iliyofanywa kwa ukweli si udanganyifu. Fundi aweza kupaka gundi, akaipaka kwa kiasi, maana gundi nyingi hufinyangwa ndani, ikakatika, ikaenda kuziba chujio la oili katika sampu, na akasema waziwazi: "Hii itakufikisha mwisho wa mwezi, haitakufikisha mwisho wa mwaka. Ukiona oili imekuwa kama maziwa, zima injini hapo hapo." Kwa maneno hayo amempa mteja kitu ambacho hakina bei, yaani elimu ya hali yake. Udanganyifu huanza pale kazi ya nusu inapotozwa bei ya kazi nzima, au inapofunikwa ili gari liuzwe kwa mtu wa tatu asiyejua. Yule aoshaye injini usiku ili mnunuzi asione matone asubuhi, hakuosha gari; amechafua mkono wake.

Pengine pataulizwa pia kama gari zee lastahili taabu yote hii. Jibu ni kuwa thamani ya kazi haitoki katika thamani ya kitu peke yake. Hata hivyo iko hekima katika kitu kilichotengenezwa kwa namna ambayo sehemu zake laini hufa ili sehemu zake ngumu zidumu. Injini ya 404 iliyobadilishwa gasketi mara tano ni injini ile ile, kwa kuwa gasketi iliwekwa humo ili ibadilishwe. Desturi za watu zina sura hiyo. Jamii haihifadhiki kwa kushikilia kila kitu kilichochakaa, wala kwa kutupa bloku kwa sababu ya karatasi iliyolowa. Huhifadhika kwa watu wachache wenye subira wanaofungua kwa zamu, wanaosafisha vikalio, na wanaojua kipi cha kubadili na kipi cha kuacha. Aghalabu majina yao hayaandikwi.

Yabaki kumrudia fundi aliyeachwa peke yake jioni. Hatakiwi kuwa shujaa. Atakiwa kuanza kwa ulimi kabla ya mkono. Amwambie mwenye gari yaliyotokea: kwamba alisahau, kwamba silivu imetikisika, kwamba pete ya chini haiaminiki tena. Taabu ya mkono ni ya kosa lake, na ni haki aibebe yeye. Kuhusu bei ya pete mpya, wawili hao waweza kuzungumza kama watu wazima, kwa kuwa pete za zamani nazo zilikuwa na umri wao, na mwenye gari atapata faida ya mpya. Yamkini mteja atakasirika, na yamkini hatarudi tena. Hasara hiyo ni ya kweli, wala si haki kumwahidi fundi kuwa ukweli utamtajirisha. Wako waaminifu waliokufa maskini, na wako wadanganyifu wenye gereji kubwa.

Lakini fundi aliyenyamaza hupata hasara ya namna nyingine, nayo haimngojei mwaka ujao. Kuanzia jioni ile hajui tena kazi yake ni ya namna gani. Mteja akimsifu hawezi kuipokea sifa, maana hajui kama yasifiwa mikono yake au ukimya wake. Mwanafunzi akirudi na chai akamwuliza mbona silivu hazikufungwa, hana budi ama kumfundisha kijana uongo au kumfundisha ukweli uliochelewa. Mwalimu hufundisha kwa yale anayoyafanya jioni kuliko kwa yale anayoyasema asubuhi, na gereji ya kesho itakuwa ya kijana yule.

Basi kwa swali lililoulizwa mwanzoni, jibu ni hili. Kazi isiyoonekana ina wajibu ule ule wa kazi ya hadharani, na juu yake ina wajibu mmoja zaidi, kwa sababu anayeitegemea hana namna ya kujilinda. Katika kazi ya hadharani mtu hushirikiana na watu wote kuulinda ukweli. Katika kazi iliyofichika ameachiwa ukweli wote aulinde peke yake. Hedi ikirudishwa na bolti ya mwisho ikikazwa, giza huingia tena ndani ya injini. Kitakachokaa katika giza hilo miaka ijayo ni kile tu ambacho fundi alikubali kukiacha humo.